Fundo la Mkono wa Kushoto

Haya hayakunifika mimi. Yalimfika dada yangu wa tumbo moja, Mieta, na mimi nilikuwepo. Nasema mapema kwa sababu wapo watakaosema Drieka kazeeka, Drieka anaota mchana. Sawa, waseme. Mimi nitasimulia niliyoyaona.

Asubuhi ile ilikuwa ya kawaida kabisa. Mavuno yalikuwa yamepamba moto hapa kwenye shamba la mizabibu la Donkerlaagte, upepo wa kusini mashariki ulikuwa unatimua vumbi la barabara na kulimwaga kwenye nguo tulizoanika, na mimi nilikuwa namgombeza shemeji yangu Floors kwa kufuta jemu yote ya aprikoti kwa mkate wake.

"Shemeji, tumbo hilo lina mlango wa nyuma?"

"Nakula na fungu lako, Drieka. Wewe si unashiba maneno?"

Mieta alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Kisha akamgeuzia mumewe mgongo, kama alivyofanya kila asubuhi, naye Floors akamfunga aproni ya kazi.

Kuhusu fundo lile inabidi niseme kidogo. Floors alikuwa mashoto. Wakati wa baridi, baada ya kupogoa, tulipokuwa tukifunga matawi ya mizabibu kwenye nyaya, mafundo yake yalikaa kinyume na ya watu wote, na kadiri ulivyohangaika nayo ndivyo yalivyozidi kukaza. Ilibidi tuyakate kwa mkasi. Oom Apools, yaani Mjomba Apools, msimamizi wa ghala la mvinyo, hakuchoka kumtania: "Wewe ukifa, Floors, itabidi tukuzike na shamba zima." Fundo hilohilo ndilo alilomfungia mkewe. Mchana kutwa Mieta alibaki amefungwa, na jioni alimwendea mumewe, akampa mgongo, akasema, "Haya, nifungue." Floors alilifungua kwa vidole viwili, bila hata kutazama. Nilikuwa nawaonea wivu wale watu, sitaficha.

Siku ile walipangiwa Tangi la Sita.

Matangi yetu ya zamani ni ya zege, yamesimama safu moja ukutani. Juu tangi lina mdomo wa kumwagia zabibu; chini, kwa mbele, lina kilango ambacho mtu mzima hupita kwa kutambaa. Mvinyo ukishachacha na kutolewa, maganda hubaki ndani, na mtu huingia na beleshi kuyasukumia nje. Hapo ndipo penye hatari. Zabibu zinapochacha hutoa hewa nzito isiyoonekana, nayo hulala chini kabisa, ndani ya maganda. Ukiyachokoa, inaamka. Ukiivuta, magoti yanakatika kabla hujamwita mtu. Ndiyo maana anayeingia hutanguliza mshumaa. Mshumaa ukizimika, unatoka, hata kama umebakiza beleshi moja tu.

Lakini ghala letu lilikuwa na desturi nyingine, ya tangu enzi za babu zetu, na watu waliiamini kuliko mshumaa. Aliye nje kilangoni, anayevuta maganda kwa reki, huimba swali: *Zabibu zimekwisha, nani bado yumo?* Na aliye ndani hujibu: *Mimi bado nimo, nangoja jioni.* Wanakwenda hivyo mpaka tangi liwe tupu. Siku jibu lisipokuja, unapiga kelele na watu wanakuja mbio. Wazee walikuwa na msemo wao: anayeimba anapumua. Tulikua nao, tukauamini kama tunavyoamini kwamba kesho kutakucha.

Floors aliingia, Mieta akabaki kilangoni na reki. Mimi nilikuwa nje uani, kwenye meza ya kuchambua zabibu, nikiwasikia kwa mbali. Sauti ya Floors ilikuwa nzito na ya uvivu, ya mtu aliyeshiba mkate.

Baada ya muda mshumaa ukazimika. Mieta aliuona.

"Floors," aliita. "Mshumaa umezimika."

 Kisha jibu: *Mimi bado nimo, nangoja jioni.*

Mieta akatabasamu. Akadhani ni upepo, maana siku ile upepo ulikuwa unapenya kila mahali. Akaimba tena. Akajibiwa. Maganda yaliacha kutoka. Akadhani mumewe anapumzika. Akaimba. Akajibiwa. Aliniambia baadaye kwamba katika maisha yao yote hajawahi kumsikia Floors akiimba vizuri namna ile.

Oom Apools akapita na birika la kahawa. "Mbona maganda hayatoki?"

"Anapumzika, Oom. Si unamsikia anavyoimba?"

Oom Apools akatega sikio. Yeye hakusikia kitu. Akapiga magoti, akachungulia kilangoni, na birika likamwanguka mkononi.

Floors alikuwa amelala kifudifudi, uso ndani ya maganda. Walimtoa kwa ndoano ndefu, maana Oom Apools alimzuia kila aliyetaka kuingia. Daktari wa wilaya alikuja, akamgusa shingo na taya, akasema amekufa zamani, pengine mshumaa ulipozimika. Akasema hakuna binadamu awezaye kuimba ndani ya hewa ile. Alisema kwa upole, hakujua anamchoma nani.

Mieta alikuwa bado amevaa aproni. Jioni ikaja na hakuna wa kuifungua. Niliikata mwenyewe kwa mkasi wa kupogolea, mgongoni, huku analia. Sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko ile.

Watu ni watu. Haikupita wiki, yakaanza maneno. Kwamba Mieta alikuwa amelewa akalala kilangoni. Kwamba alimlisha mumewe dawa. Kwamba ameuza roho ya Floors ili tangi litoe mvinyo mzuri, maana mwaka ule, kwa bahati mbaya, mvinyo wa Tangi la Sita ulisifiwa na kila aliyeuonja. Kanisani benchi letu likawa na nafasi ya kutosha kulala. Mimi niliwajibu wote, mmoja mmoja, na wengine hawajanisalimia mpaka leo.

Lakini maneno ya watu hayakumuumiza Mieta kama lile alilokuwa nalo moyoni. Siku moja, tukimenya maboga jikoni, aliliweka mezani.

"Angenyamaza tu, Drieka. Angenyamaza, ningeita watu. Ningemtoa."

"Dada, acha."

"Aliniimbia ili nisiite mtu. Kwa nini? Nilimkosea nini?"

Nikaendelea kumenya. Alikuwa na majonzi mawili kwa wakati mmoja, ya kufiwa na ya kudhani amesalitiwa na maiti. Tangu siku ile hakuweza kuimba ule wimbo. Akifika kwenye neno *jioni*, sauti yake ilikatika, kila mara, kama uzi. Alijaribu mara nyingi, peke yake, akidhani simsikii. Hakuvuka.

Mwaka ukazunguka, mavuno yakarudi. Bwana Lategan, mtengeneza mvinyo, alitaka Tangi la Sita lijazwe kama mengine, kwani zabibu zilikuwa nyingi na hazina subira. Lilijazwa. Zilichacha. Mvinyo ukatolewa, maganda yakabaki, na hapo kila mwanamume akapata maumivu ya mgongo. Hakuna aliyekubali kuingia.

Mimi sikuwa mtu wa kuamini mazimwi. Mchana mmoja nilikuwa nasuuza vikapu kwa mpira wa maji ndani ya ghala, watu wamekwenda kula, na mdomo wangu usiotulia ukaanza kuimba wenyewe. *Zabibu zimekwisha, nani bado yumo?* Niliimba kwa mazoea, bila kufikiri.

*Mimi bado nimo.*

Ilitoka nyuma yangu. Ilitoka Tangi la Sita, kilango kikiwa kimefungwa kwa komeo la chuma.

*Nangoja jioni.*

Ilikuwa sauti ya Floors, nzito, ya uvivu. Niliuacha mpira ukimwaga maji sakafuni, nikatoka nje juani, nikasimama natetemeka kwenye joto la kukaanga yai.

Mieta alikuwa mlangoni. Alikuwa amesimama pale muda mrefu, nadhani.

"Na wewe umesikia," alinong'ona. "Mungu ashukuriwe. Nilidhani ni mimi tu."

Siku hiyohiyo alikwenda kwa Oom Apools akamwambia yeye ataingia kutoa maganda. Mzee alikataa. Mieta hakupandisha sauti. Alisema tu, "Oom, mume wangu amelala humo. Kama si mimi, nani?" Na mzee wa watu, ambaye alimtoa Floors kwa ndoano, akainamisha kichwa.

Mimi nilipigana na Mieta usiku mzima. Nililia, nilimtukana, nilimtajia mama yetu kaburini.

"Nataka kumuuliza neno moja tu," alisema. "Kama ni yeye aliyenijibu. Nikishajua, nitalala."

"Na asipokuacha utoke?"

Alinitazama, na niliona kitu kilichonitisha kuliko tangi. Niliona kwamba swali hilo lilimfariji. Hapo nikajua kwamba nikiteleza kidogo tu, nitampoteza na dada yangu.

Basi nikatoa masharti. Kilango kiachwe wazi tangu asubuhi, na feni ipulize ndani mpaka watu waende kula. Mshumaa uwe mpya. Na kamba kiunoni, kwani baada ya kifo cha Floors kamba ilikuwa sheria. Nitaifunga mimi, na ncha ya pili nitaishika mimi.

Nilimfunga kwa fundo langu, fundo la kawaida la watu wote, mbele ya tumbo, nikalikaza mpaka akaguna. Oom Apools alipitisha mshumaa kwa fimbo, akauzungusha kila pembe, chini na juu. Uliwaka vizuri, mwali umesimama wima. Aliuchomeka kwenye maganda na kukaa kando, juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Hewa ni safi," alisema. "Mkiimba, nami nitasikiliza."

Mieta akatambaa ndani. Nyayo zake zilikuwa za mwisho kupotea.

Nikaimba. Sauti yangu mbaya kama bawaba yenye kutu, lakini niliimba. *Zabibu zimekwisha, nani bado yumo?*

*Mimi bado nimo, nangoja jioni.*

Ilikuwa sauti ya Mieta. Maganda yakaja kilangoni, nikayavuta. Moyo ukatulia kidogo. Nikaimba. Akajibu. Mshumaa unawaka. Maganda yanakuja. Harufu ya mvinyo mbichi ilinipanda kichwani, na nilianza hata kufikiria chakula cha mchana.

Nikaimba. Akajibu. Nikaimba. Akajibu.

Maganda yakaacha kuja.

Nilitazama mshumaa. Mwali wima. Nilitazama kamba. Imelala, imelegea. Oom Apools aliniangalia, akaitikia kwa kichwa: yuko salama, anaimba. Anayeimba anapumua.

Nikaimba tena, taratibu.

*Mimi bado nimo, nangoja jioni.*

Ilikuwa tamu. Ilikuwa imenyooka. Ilipita kwenye neno *jioni* bila kukatika.

 Mieta hawezi kulivuka neno lile. Mwaka mzima hajalivuka. Na mimi nilikuwa nimelisikia likivukwa mara ngapi, nimekaa pale nawaza chakula?

"Vuta!" nilimwambia Oom Apools.

"Lakini anaimba, mwanangu."

"Vuta!"

Tulivuta. Kamba ikakaza, kisha ikagoma. Sauti ndani ikaendelea kuimba bila kuulizwa. Tulivuta. Zege likanichuna vifundo vya mikono. Kitu kikaachia, na kamba ikaja kwa ghafla mpaka tukaanguka chali. Mieta akatokeza kilangoni; nikamshika kamba ya kiunoni, nikamburuta nje.

Mdomo wake ulikuwa umefumbwa. Midomo ya bluu. Macho yamefumbwa.

Na ndani ya tangi, nyuma yake, sauti yake ilikuwa bado inaimba.

*Mimi bado nimo.*

Oom Apools aliisikia. Niliona uso wake. Mpaka anakufa alishikilia kwamba ule ulikuwa upepo, na mimi sikumbishia, kwani kila mtu ana njia yake ya kupata usingizi. Lakini ni yeye aliyekibamiza kile kilango kwa teke na kukitia komeo. Mshumaa tuliufungia humohumo ukiwa unawaka.

Nilimpiga Mieta makofi, nilimmwagia maji, nilimpulizia pumzi yangu mdomoni huku nikimwita majina yake yote ya utotoni. Akakohoa. Akavuta pumzi iliyolia kama mlango. Nililia kwa sauti mpaka watu wakatoka kwenye chakula chao kuja kuona.

Ndipo nilipotaka kumfungua ile kamba, na vidole vyangu vikagoma.

Fundo langu lilikuwepo. Lakini juu yake kulikuwa na fundo la pili. Limekaa kinyume. Limekaza sana, limelikumbatia la kwangu lisiweze kufunguka hata mtu angetaka kulifungua mwenyewe. Nilihangaika nalo, likazidi kukaza.

Mieta aliinua kichwa akatazama kiuno chake. Akaligusa kwa ncha ya kidole. Akafungua mdomo aseme, na hakuna kilichotoka. Alijaribu tena. Hakuna. Sauti yake haikurudi, si siku ile, si siku nyingine yoyote. Alinyoosha mkono kuelekea tangi akatikisa kichwa, polepole: *siye*. Kisha akalishika lile fundo kwa mikono miwili, akaliweka kifuani, akaitikia. *Huyu ndiye.*

Alilia siku ile kilio kisicho na sauti, na katika kulia kwake niliona anapumzika kwa mara ya kwanza tangu afiwe. Kilichomwimbia si Floors. Floors ndiye aliyemfunga ili atoke.

Niliikata kamba pembeni, nikamwachia kipande chenye fundo. Alikiweka chini ya mto. Miaka yote iliyofuata tuliishi wawili nyumba ile, mimi nikisema kwa niaba ya watu wawili, jambo ambalo halikunisumbua. Benchi letu kanisani lilijaa tena, maana watu humwogopa mjane anayesema na humhurumia asiyesema. Wakati wa nyimbo alisimama amefumba mdomo, mkono mfukoni, na nilijua ameshika nini.

Tangi la Sita lilijengewa ukuta. Shamba limeuzwa, limeuzwa tena. Wenye nalo wa sasa wameweka meza ndani ya ghala, wageni huonja mvinyo humo, na nasikia husifu jinsi sauti zinavyorudi vizuri. Mimi siingii. Nikipita karibu, naziba mdomo wangu usiotulia.

Mieta alikufa Julai iliyopita, wakati wa kupogoa, usingizini, bila kumsumbua mtu. Nilimwosha mwenyewe. Nilimvika gauni lake la kanisani, nikamwekea lile fundo mkononi na kumkunjia vidole juu yake. Nilikuwa nimejaribu kulifungua miaka yote hiyo, kwa sindano, kwa meno, kwa ukaidi tu. Halikulegea hata kidogo. Jeneza likalazwa sebuleni, likafunikwa, na mimi nikakaa usiku kucha mbele ya mlango na shali yangu. Sikusinzia. Hakuna aliyeingia.

Asubuhi kabla ya kupigilia misumari, mchungaji aliniuliza kama nataka kumuaga mara ya mwisho. Nikasema ndiyo. Akainua kifuniko.

Vidole vyake vilikuwa vimekunjuka. Kipande cha kamba kilikuwa kimelala kwenye kiganja, kimenyooka, fundo langu na lile la juu yake yote mawili yamefunguliwa. Nilikigusa. Kilikuwa kimelowa, na kiliniachia rangi ya zambarau vidoleni. Nilinusa. Ilikuwa zabibu mbichi, zilizokamuliwa muda ule.

Nilitazama dirishani. Ilikuwa Julai. Mizabibu yote ilikuwa uchi mpaka mlimani, haina hata jani.

"Kuna nini, Antie Drieka?" mchungaji aliuliza.

"Hakuna kitu," nilisema. "Jioni imefika."

Nikamkunjia vidole tena, nikawaambia wapigilie.